Jogoo wa Kukombolea Upinde

Chama cha Upinde Tanzania msikidharau, jamani. Kilikuwa chama cha taifa. Kilikuwa na mhuri, kilikuwa na kibao cha bati chenye maandishi mekundu, MAKAO MAKUU, na kibao chenyewe kilipigiliwa Majengo, mjini Songea, juu ya mlango wa chumba kilichokuwa nyuma ya duka la mitumba. Ukitaka kuonana na taifa zima la upinde ulisogeza kando makoti ya wazungu yaliyotundikwa, ukainama, ukaingia. Ndani uliwakuta watu wawili. Mmoja ni Mwalimu Kajetani Komba, mwenyekiti. Wa pili ni Fausta, ambaye yeye peke yake ndiye aliyekuwa wanachama wote.

Makao makuu ya taifa yalifikaje Songea? Kwa basi. Mwalimu alikianzisha chama hicho Dar es Salaam, enzi zile ambapo kila mchezo ulitakiwa uwe na chama chake hata kama mchezo wenyewe haujafika nchini. Shirikisho la dunia likafurahi, likamtumia upinde mmoja wa mashindano, upinde wa kweli, na mishale yake ya aluminiamu. Likasema pinde nyingine zinafuata. Hazikufuata. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, Mwalimu alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kupunguzwa, akabeba mhuri, kibao na upinde, akarudi kwao. Hakuna aliyemfuata kumdai. Mwenyekiti alipo ndipo chama kilipo.

Mwanzoni walikuwepo wengine. Katibu aliona viatu vya mitumba vinalisha kuliko mishale, akamwachia Mwalimu chumba cha nyuma, yeye akafungua duka mbele. Mhazini alianza kuvusha mahindi kwenda Msumbiji, na siku moja akavuka nayo moja kwa moja. Vyama vingi viliporuhusiwa walikuja vijana wamesikia kuna chama kipya chenye alama ya upinde, wakauliza sera zake na kama kuna fulana. Mwalimu aliwaeleza habari za shabaha na upepo mpaka mate yakamkauka. Walipojua fulana hakuna, waliaga kwa adabu. Alikuja hata askari kanzu kuuliza chama kimepanga kumlenga nani. Naye alinyweshwa chai, akaelezwa habari za upepo.

Akabaki Fausta. Huyu alikuwa karani wa ghala mpaka ghala lilipofungwa. Mumewe alikwenda Tunduru kufuata madini, na tangu hapo habari zake zikawa za kusikia kwa watu: mara kaonekana na pikipiki, mara kaonekana na mwanamke, mara hajaonekana. Fausta alirudi kwao Mshangano akawa analima mahindi na kuuza vitumbua, na jioni moja akapita uwanjani, akamwona mzee mfupi amevaa traksuti anapigana na uzi wa upinde mrefu kuliko yeye. Akacheka. Mwalimu akamwambia, "Unacheka? Njoo uvute." Akavuta.

Sasa hapa sitaki mtu aniambie mambo ya bahati. Mwanamke yule alizaliwa na jicho. Mwaka haukuisha akawa anapiga gunia la pumba katikati kutoka mbali kiasi kwamba Mwalimu mwenyewe alikuwa akivua miwani, akiifuta, akiivaa tena. Na Fausta akaupenda upinde ule, akaupenda kama mtu anavyopenda mtu. Uzi ukigusa kidevu, kila kitu kilinyamaza: mume, mwenye duka la unga anayemdai, majirani wanaosema mwanamke mzima anacheza michezo ya kuwinda ndege. Ni kitu kimoja tu duniani alichokuwa akikifanya mwenyewe na kikatokea vile alivyotaka. Alikuwa na pinde za mianzi za kufanyia mazoezi, ndiyo, lakini hizo hazirushi mshale hata nusu ya uwanja wa mashindano. Upinde ulikuwa ule mmoja.

Mwaka huo ikaja habari. Mashindano ya kanda yanafanyika Nairobi. Na shirikisho limechoka na vyama vya mihuri: chama cha taifa ambacho hakitapeleka hata mlengaji mmoja kinafutwa, na kila mlengaji aje na upinde wake. Mwalimu alipoambiwa alipiga meza. "Tunaye!" akasema. "Si tunaye?" Nauli ikachangwachangwa, Mama Walburga, mke wa Mwalimu, akauza nguruwe wake bila kuulizwa mara mbili, na Fausta akaanza kulala na ramani ya barabara kichwani: Songea, Makambako, Dodoma, Arusha, Nairobi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kuna mahali alikokuwa anatakiwa afike.

Basi, siku tisa kabla ya safari, Mwalimu Kajetani akalala kitandani na hakuinuka.

Kabla sijafika msibani, lazima nimlete Valence. Huyu alikuwa seremala, Mhehe wa Iringa, karakana yake ikitazamana na duka la mitumba. Alikuwa akitengeneza vitanda, makabati na masanduku ya kuzikia. Na kwa kuwa yeye Mhehe na Mwalimu Mngoni, walikuwa watani, na utani wao ulikuwa hauna likizo. Asubuhi Mwalimu akifika Majengo, Valence anapaza sauti mtaa mzima usikie: "Jamani, Mngoni na upinde wapi na wapi? Babu zenu walikuja na vimikuki vyao wakaona mishale yetu wakakimbia mpaka huku! Leo unajifanya mwenyekiti?" Mwalimu anajibu bila kugeuka: "Nyamaza, mla mbwa. Nimesikia mbwa wa mtaa huu wamehama." Siku ambayo mmoja hakumtukana mwenzake, mwingine alijua anaumwa, akaenda kumwona.

Kwa hiyo Mwalimu alipolala, Valence alikwenda kumwona nyumbani kwake, Mshangano. Fausta alikuwepo. Mgonjwa alikuwa ameomba upinde ufungwe wote autazame, na Fausta akaufunga, akautundika ukutani mbele ya kitanda, mzima, na uzi wake. Mwalimu aliutazama mpaka machozi yakamtoka. Ndipo akaingia Mhehe na maneno yake.

"Wewe, unajifanya mgonjwa ili usinilipe kabati langu?"

"Pima tu sanduku, Mhehe," Mwalimu akamjibu, sauti ikitoka kwa shida. "Najua ndilo lililokuleta. Lakini nisikilize. Ukinizika bila upinde wangu, nitarudi nikulenge matakoni."

Wakacheka wote watatu, Valence zaidi ya wote, akicheka huku akijifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mbao. Fausta alikumbuka baadaye kwamba Valence alipotoka hakutoa kejeli hata moja mlangoni. Wakati ule hakuliona jambo hilo.

Siku ya tatu Mwalimu akakata roho.

Msiba wa mtu mwenye watani si msiba wa kukaa kimya. Wenyewe mnajua. Wafiwa wamejiinamia, akinamama wako jikoni na moshi, Katekista Beda anatafuta ukurasa wa nyimbo, mara anatokea mtu mlangoni amevaa nguo za marehemu. Ndivyo alivyotokea Valence. Alikuwa amevaa traksuti ya Mwalimu, suruali imemwishia kwenye vigimbi, filimbi ya Mwalimu shingoni, na alitembea kama Mwalimu hasa, zile hatua za haraka za mtu mfupi anayetaka kuwahi warefu. Akapuliza filimbi. "Wanachama wote mstari mmoja!" akasema kwa sauti ya Mwalimu. "Fausta! Hesabu namba!"

Fausta alikuwa analia juu ya sufuria la maharage. Alipoinua macho akacheka mpaka akashika ukuta. Hata Mama Walburga, aliyekuwa hajala tangu jana, alicheka kwenye kanga yake. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na mtani haulizwi. Anachota pombe bila kukaribishwa. Anachukua redio, anachukua majembe, anachukua viatu vya mkwe aliyetoka mbali, anavificha, na wewe huruhusiwi kukasirika, kwa maana ukikasirika umeharibu, faini inapanda. Utavikomboa siku ya kuanua tanga, kwa kuku na pombe ya ulanzi. Basi Valence alipotoka chumbani ameubeba upinde begani kama mtu anayekwenda vitani, nani angemzuia? Walipiga vigelegele. Fausta naye alipiga. Akasema moyoni, huyu atataka jogoo, tena mkubwa, na nitampa.

Akarudi jikoni. Baada ya kitambo alisikia msumeno uani, ukikwaruza kitu kigumu, halafu ukanyamaza. Msumeno wa seremala penye msiba una ajabu gani? Alidhani sanduku linasawazishwa kifuniko. Akaendelea kukoroga maharage.

Watu wakamuaga marehemu. Kisha Valence akawafukuza wote chumbani kwa filimbi, wafiwa nje, wanakwaya nje, "anayebaki ndani ninampigilia naye!", akafunga kifuniko peke yake, misumari ikasikika mmoja mmoja. Walipofika makaburini, na Katekista Beda akamaliza sala, na kamba zikaanza kushushwa, Mhehe yule akaruka juu ya lundo la udongo, akaivua filimbi na kuitupa kaburini.

"Wangoni!" akaita. "Mtu wenu nimemfungia na upinde wake humo ndani! Akifika kwa Mtakatifu Petro akanyimwa mlango, atalenga kupitia dirishani! Maisha yake yote kalenga, leo ndiyo kapata!"

Makaburi yakaangua kicheko. Katekista alikohoa ili asicheke. Na aliyecheka kwa nguvu kuliko wote, mbavu zikimuuma, machozi yakimtiririka, alikuwa Fausta. Akachota udongo kwa mikono yake miwili akautupa ndani. Aliutupa kwa upendo, Mungu anajua, na udongo ukapiga mbao.

Siku ya kuanua tanga pombe ililetwa, watani wakaketi upande mmoja wafiwa upande mwingine, na vitu vikaanza kurudi. Redio ikakombolewa kwa kuku. Majembe yakakombolewa kwa ulanzi. Viatu vya mkwe vilirudi kimoja kimoja, na matusi katikati. Fausta alikuwa amekaa na jogoo mwekundu mapajani, amefungwa miguu, jogoo ambaye alimtafuta mpaka Peramiho kwa sababu wa Mshangano wote aliwaona wembamba. Safari ilikuwa Jumamosi. Tiketi aliifunga kwenye pindo la kanga.

Vitu vikaisha. Upinde haukutoka.

"Mtani," akasema Fausta kwa sauti ya mchezo, "na upinde je?"

"Si nilishawaambia?" Valence akajibu. "Anao mwenyewe. Nenda kamdai."

Wakacheka tena, wote, na Fausta akacheka pia, ingawa kidogo safari hii. Akasema huyu anapandisha dau. Wenzake wakamshauri amwache mpaka kesho, mtani ana mipaka, tanga likishaanuliwa lazima aseme maneno ya kawaida. Ndiyo desturi. Usiku Fausta hakulala vizuri, lakini alijiambia ni hamu ya safari.

Kesho yake asubuhi akaenda Majengo, jogoo kwapani. Valence alikuwa anapiga randa ubao, maranda yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Alipomwona akapaza sauti, "Aha! Mngoni kaja na mboga!"

"Shika," Fausta akasema, akimweka jogoo juu ya meza ya kazi. "Na utani sasa basi, kaka Valence. Tanga limeanuliwa. Mimi naondoka Jumamosi, nataka niufanyie mazoezi leo na kesho. Uko wapi?"

Randa ikasimama. Valence alimtazama kama mtu aliyeitwa jina lake katikati ya watu wasiomjua.

"Uko wapi nini?"

"Upinde, kaka."

"Dada Fausta," akasema polepole, "niliwaambia. Niliwaambia makaburini mbele ya watu wote. Niliwaambia na jana. Niliuweka sandukuni, chini ya sanda, upande wa kulia. Si alitaka mwenyewe? Si ulikuwepo? Neno la mwisho la mtani wangu, mimi nilivunje?"

Fausta alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya kitanda kisicho na chaga, karibu atumbukie.

"Lakini ule si wake," akasema. "Ule ni wa chama."

"Kila siku alikuwa anasema upinde wangu. Upinde wangu, upinde wangu. Mimi nitajuaje?"

"Yale ya kitandani yalikuwa utani!"

"Mtu anakufa!" Valence naye akapandisha sauti, na sauti ikamkatikia. "Mtu anakufa, dada, anakuomba kitu. Alikuwa ananitania maisha yake yote, alitaka aniombe kwa lugha gani nyingine? Sisi hatukuwa na lugha nyingine."

Jogoo alijipigapiga mabawa juu ya meza, akaangusha kopo la misumari. Hakuna aliyeinama kuiokota.

Na ninyi mnaosema mbona hakusema kwa uzito, hebu nyamazeni. Alisema mara mbili, hadharani, kwa sauti kubwa. Ni mtu gani msibani anamwamini mtani? Angesema nyumba inaungua wangecheka mpaka paa liwaangukie. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walishasema, na sote tunalijua neno hilo, na sote tulikuwa pale na meno nje.

Valence alikuwa ameshashika koleo. "Twende," akasema. "Twende tukafukue. Mama Walburga atakubali, nitampigia magoti. Mwalimu hatakasirika. Na akikasirika, ni mimi atakayenilenga. Twende sasa hivi, udongo bado mbichi."

Fausta alisimama. Kwa muda mfupi kabisa kitu kilimwinuka kifuani, naweza kukiita tumaini, maana sijui jina lake jingine. Siku mbili zilikuwa zimebaki. Upinde ule ulikuwa wa chuma na tabaka za mbao zilizogandishwa, udongo wa siku nne haungeufanya kitu. Akachukua hatua mbili kuelekea mlangoni. Halafu akakumbuka msumeno.

"Kaka Valence," akasema bila kugeuka, "Mwalimu alikuwa mfupi. Sanduku lake lilikuwa fupi."

Seremala akalitazama koleo mkononi mwake.

"Upinde uliingiaje?"

Koleo likaegemezwa ukutani taratibu. Valence akainama chini ya meza, akapekuapekua ndani ya maranda, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Akakifungua. Ilikuwa ncha ya upinde, urefu wa kiganja, nyeusi, na mfereji wake ule mdogo ambamo uzi hukaa. Mahali pa msumeno palikuwa pamekatwa vizuri, pamenyooka, kazi ya fundi.

"Haukuingia," akasema. "Nilikata kidogo tu, huku mwisho. Nikakuwekea hiki. Nilisema utakuja kukikomboa, tutacheka."

Fausta alikipokea. Alikigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mfereji, kama alivyokuwa akifanya kila jioni kabla ya kuvisha uzi.

"Unafunguka," akasema.

"Nini?"

"Upinde. Unafunguka vipande vitatu. Kuna skrubu mbili katikati, unazizungusha kwa mkono tu, hata mtoto anaweza. Mwalimu aliutoa Dar ndani ya mkoba wa sokoni. Ungeingia kwenye sanduku la mtoto mchanga, kaka. Ungeingia na nafasi ingebaki."

Valence alifumba macho. "Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza."

"Ningewaulizaje? Nilikuwa nimevaa traksuti!"

Na hapo yule mtu mzima mwenye mdomo uliojulikana Songea nzima akakaa chini kwenye maranda akalia, analia kwa sauti, mpaka katibu wa zamani akatoka kwenye duka lake la mitumba na koti mkononi akasimama mlangoni akidhani ni maigizo, akitabasamu, akisubiri sehemu ya kuchekea.

Valence alisema atamchongea mwingine, wa mninga, mzuri kuliko ule, ataanza leo leo. Fausta akatikisa kichwa. Alisema atakwenda mwenyewe Nairobi kuwaeleza. Fausta akatikisa kichwa. Mwisho akasema amchukue jogoo wake arudi naye.

"Mtani hakatai ukombozi," Fausta akamwambia. "Mchukue. Nimeshakikomboa."

Kisha akasimama mbele yake, ncha ya upinde mkononi, na akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, "Nitanie, Mhehe. Nitanie basi. Niambie umenificha. Sema uko darini, sema uko chini ya kitanda, mimi nitacheka."

Valence alifungua mdomo. Alitafuta, ilionekana kabisa kwamba anatafuta, alizungusha macho karakana nzima kama neno lilianguka mahali fulani kwenye maranda. Hakulipata. Fausta akasubiri, mwisho akatoka.

Alikwenda moja kwa moja posta kupiga simu. Kulikuwa na jambo moja bado: pengine Nairobi wangemwazima upinde. Kanuni zilisema kila mtu aje na wake, lakini kanuni zinatungwa na watu, na watu wanafiwa. Aliagiza simu, akalipia dakika alizoweza, akakaa kwenye benchi pamoja na watu waliokuwa wakisubiri Dar na Mbeya. Alipanga maneno. Aliyapanga vizuri, mafupi, ya heshima. Jua lilikuwa limeshapita utosini alipoitwa kwenye kibanda.

"Tanzania!" ikasema sauti ya karani wa mashindano, sauti changamfu inayokuja na kupotea. "Karibuni sana, mama! Nyinyi tu mlikuwa mmebaki, tunafunga majina leo. Mnafika lini?"

"Samahani, kaka, tuna shida. Upinde wetu umezikwa."

"Umefanya nini?"

"Umezikwa. Mwenyekiti wetu alifariki, sasa mtani wake akauweka ndani ya jeneza. Lakini haukuenea, akaukata kwa msumeno. Kwa hiyo nilikuwa naomba..."

Alidhani laini imekatika. Kisha kikaja kicheko, kicheko kizuri cha mtu mwenye roho safi, kilichoanzia tumboni, na nyuma yake Fausta akasikia akimwita mwenzake aje asikie. "Haki nyinyi Watanzania! Wamesema wamezika upinde! Na mwenyekiti! Hata haukuenea, wakaukata!" Wakawa wanacheka wawili.

"Sio utani," Fausta akasema. "Kaka, nisikilize. Sio utani. Naomba mtuazime..."

"Mama, wewe ni noma! Mmeweza! Haya, acha nikuandike. Fausta, sio? Tanzania. Nimekuandika, mama, jina liko ndani. Na ujue, jina likishaingia usipotokea chama kinafutwa, kwa hivyo ukuje na huo upinde hata kama ni wa kufufua!" Na kicheko kikamchukua tena, na ndani ya kicheko hicho dakika zikaisha.

Fausta alibaki ameshika mkono wa simu. Akabonyeza, akasema halo. Akasema sio utani, kwa laini iliyokuwa imekufa.

Binti wa mapokezi aligonga kioo. Fausta aliomba arudishiwe Nairobi, akaambiwa laini ya Nairobi imekwenda, na ikienda hairudi mpaka kesho, kama ina bahati. Nyuma yake mzee aliyekuwa anasubiri Mbeya alishasimama, kofia mkononi.

"Umemaliza, mama?" binti akamuuliza.

Fausta akafungua pindo la kanga, akaiweka ncha ya upinde pamoja na tiketi, akalifunga tena.

"Nimemaliza," akasema, akampisha mzee.